Kuosha nywele saluni au nyumbani, kwa sisi tunaoishi Dodoma

Kuna swali naulizwa sana na watu waliohamia huku kikazi, hasa wanaotoka Dar na Tanga, mtu hata maboksi hajamaliza kufungua anakwambia dada yangu hivi nyie huku nywele mnaoshaje, mana zangu tangu nije zimekuwa kama katani, kuchana tu zinabaki kwenye chanuo. Alafu anamalizia na swali lenyewe, niwe naenda saluni au nioshe tu nyumbani? Nimeshalijibu kwenye daladala, kazini, hadi msibani tukiwa tunamenya vitunguu nimeshalijibu, kwahiyo leo naandika yaishe.

Mimi mwenyewe nilikuja 2019 na mwaka wote wa kwanza nililaumu shampuu. Nilibadilisha nne. Ya mwisho niliagizia kabisa mtu Kariakoo, nikaambiwa hiyo ndo kiboko, nikaosha wiki tatu nywele zikawa vilevile zimekakamaa. Kumbe shampuu ilikuwa haina kosa, kilichobadilika ni maji na hewa. Maji ya mjini huku sehemu kubwa ni ya visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na maji yaliyokaa chini kwenye mawe lazima yatoke na madini yake, kalsiamu na magnesiamu, ndo haya tunaita maji magumu, wengine maji ya chumvi. Kama unabisha chungulia ndani ya birika lako la umeme baada ya miezi miwili, ule ukoko mweupe ulioganda pale chini ndo huohuo unaupandisha kichwani kila Jumamosi. Hewa nayo ni kavu, mvua zetu zinaanza Desemba zinaishia Aprili basi, miezi iliyobaki ni jua na vumbi, na ule upepo wa Julai na Agosti aliyewahi kuusubiria bajaji pale barabarani anaujua.

Kwahiyo mimi nikilinganisha saluni na nyumbani siangalii nani ana kiti cha kuzunguka wala nani ana AC. Naangalia nani atanisuuza mpaka sabuni iishe kweli. Nimefika hapo baada ya kuharibu nywele pande zote mbili, saluni na nyumbani, na stori zote mbili nazisimulia hapa chini.

Tuanze na maji

Watu wengi wanasahau kwamba maji ya saluni ni yaleyale ya kwako. Ukienda saluni kubwa yenye sinki la kulalia na hita ya ukutani unaona kama umefika kwingine, lakini juu ya bati pale kuna simtanki na simtanki limejazwa na bomba la mtaa, au siku za mgao limejazwa na boza. Saluni ndogo za mtaani ndo kabisa, ndoo, jagi na beseni, unainama mbele shingo inauma unaoshwa. Hapo tofauti ni starehe tu, madini yako palepale.

Nyumbani unaweza kuyafanyia kitu yale maji, saluni hakuna atakayekufanyia. Mimi Ijumaa usiku nachemsha sufuria la lita tano, naliacha lipoe lenyewe, asubuhi natumia yale ya juu na ule unga mweupe uliotulia chini namwaga. Kuchemsha hakuondoi madini yote, kunaondoa sehemu tu, lakini kwa maji ya mwisho ya kusuuzia unaiona tofauti kwa mkono kabisa, nywele zinateleza. Kingine ni siki, vijiko viwili vya chakula kwenye lita moja ya maji, namwagia kichwani baada ya kusuuza, naacha dakika moja au mbili alafu namwagia maji tena. Siki ni asidi na asidi inauyeyusha ule ukoko, ndo mana hata birika tunalisafisha kwa limao. Sifanyi kila wiki, mara moja kwa mwezi inanitosha. Harufu inaisha zikikauka msiogope.

Ndimu na limao kwenye kichwa niliacha. Ule ukamuaji wa kukadiria kwa macho unakuta umeweka kali kupita kiasi, alafu maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi ukatoka juani yanaunguza, unabaki na madoa meusi kwenye paji la uso, na jua la Dodoma halina masihara.

Sabuni

Hapa naipa saluni, japo roho inaniuma. Saluni hata ile ya hali ya chini kabisa wanatumia shampuu. Nyumbani ndo tunakosea, mtu anatoka kufua anamalizia na kichwa kwa kipande kilekile cha sabuni ya mche. Najua utaniambia bibi zetu walioshea mche na nywele zilikuwa mpaka mgongoni. Sawa, lakini bibi yako alikuwa anaosha na maji ya mto au ya mvua huko kwao, hakuwa anaosha na haya. Sabuni ya mche ikikutana na kalsiamu inatengeneza utando ambao hauyeyuki, ule unaouona umezunguka pembeni ya beseni ukimaliza kufua mashuka, sasa huo kwenye nywele unashika kila unywele, zinafubaa, zinakuwa nzito, zikikauka unaanza kudondosha vitu vyeupe mabegani unadhani ni mba. Shampuu haigandi hivo kwa sababu kiukweli siyo sabuni, ni ditajenti, ina tabia nyingine kabisa. Na pia mche una pH, kile kipimo cha asidi na alkali, ya 9 hadi 10 wakati ngozi ya kichwa inapenda 4.5 hadi 5.5, ukioshea kitu kikali hivo yale magamba madogo ya unywele yanafunguka na kusimama, ndo mana zinashikana.

Kazini kuna dada alikuwa anahangaika na mba mwaka mzima, kanunua dawa za kila aina, nikamuuliza unaoshea nini akasema sabuni ya kipande ya kuogea. Alipohamia shampuu ile mba ikaisha ndani ya wiki chache, kwa sababu haikuwa mba, ilikuwa sabuni. Mba yenyewe ipo lakini, hiyo inasababishwa na aina fulani ya fangasi wanaoishi kwenye mafuta ya ngozi ya kichwa, na inataka shampuu yenye dawa kama ketokonazo au zinki pairithioni, na watu wanakosea wanapaka na kusuuza hapohapo kama wanakimbizwa. Iache dakika tatu mpaka tano ndo usuuze.

Ila saluni na wao wana mchezo wao. Shampuu inakuja kwenye galoni la lita tano, na ikikaribia kuisha inaongezwa maji inatikiswa, na kondishena hivohivo. Siyo wote, ila nimeona kwa macho yangu. Tangu hapo nikienda nabeba chupa zangu mbili kwenye mkoba, namwambia msusi kistaarabu tu, mdogo wangu leo tumia hizi, kichwa changu kina aleji. Sina aleji yoyote, ila inapita vizuri kuliko kumwambia mtu shampuu yako imepigwa maji.

Mkono wa mtu na mkono wako

Sasa stori ya saluni. Ilikuwa Agosti, vumbi limechachamaa, nywele zangu kipindi hicho ni za dawa, ile ya kulainisha, nikaenda saluni moja Jumamosi, jina silitaji. Foleni ya watu saba. Zamu yangu inafika, binti aliyenipokea ana kucha za kubandika ndefu hivi na simu ameibana kati ya sikio na bega, anaongea na mtu kuhusu mchango wa kitchen pati, huku vidole vinasugua kichwa changu kama anasugua sufuria la ugali lililoungua. Ngozi inawaka, mimi nimelala kwenye sinki naangalia dari, naona aibu kusema. Akapiga povu la kwanza, akapiga la pili, kaanza tu kusuuza bomba likatoa fwaaa, hewa tupu. Akaniinamia akasema, "Dada yangu maji yamekata, nakufuta na taulo tu eeh, si ulishasuuzika?" Na mimi kwa uvivu wa kutafutiwa ndoo nikasema haya. Nikawekwa draya juu ya shampuu. Kesho yake kanisani nimevaa gauni jeusi, mama mmoja wa nyuma yangu akawa ananipangusa mabega kimyakimya ibada nzima, yaani hakusema kitu, anapangusa tu. Wiki iliyofuata kichwa kina vidonda vidogo vya kucha na nywele za kisogoni zinakatika.

Nikaapa saluni basi. Nikahamia nyumbani, na nyumbani nako nikaharibu, mana hakuna wa kumlaumu isipokuwa mimi.

Nilikuwa nimefumua rasta zilizokaa kichwani kama miezi miwili na nusu, nywele zimejaa uchafu ule mweupe wa shinani, nikaona ngoja niingie bafuni moja kwa moja nimwagie maji. Sikuchana kwanza. Jamani, nywele za kipilipili zilizotoka kusukwa zina zile nywele zilizokufa ambazo zilikuwa zimeshikiliwa na msuko, na kwa siku mtu anaangusha nywele 50 hadi 100 hivi, sasa piga hesabu ya siku sabini na kitu, zote zimo humohumo kichwani hazijaanguka. Ukimwagia maji zinajisokota na zile nzima. Ile nimemaliza kuosha kichwa kimekuwa kama kiota cha ndege. Nimekaa kwenye kigoda kuanzia saa mbili usiku mpaka saa saba, mdogo wangu wa kike kanishikia tochi ya simu, tunachambua kimoja kimoja na kipini cha chanuo, na bado mwisho tulikata na mkasi donge la ukubwa wa ndimu. Mdogo wangu akawa analiangalia lile donge anasema dada hili tulifunge kwenye karatasi tukalizike.

Kwahiyo kwenye mkono, nyumbani pana faida kwamba unajisikia mwenyewe panapouma, ila usiingie kichwakichwa kama mimi. Utaratibu wangu wa sasa ni huu. Nafumua, nachambua kwa vidole nikiwa nimepaka mafuta, nagawa mafungu manne au sita, kila fungu nalisokota au nalifunga butu legelege, ndo naingia bafuni. Naosha fungu moja moja. Shampuu naiweka kwenye ngozi tu na nasugua kwa nyama ya vidole siyo kucha, zile nywele zenyewe sizifikichi kama nafua soksi, povu linaloshuka wakati wa kusuuza linazitosha. Mara ya kwanza inatoa mafuta na vumbi na povu halitoki vizuri, mara ya pili ndo povu linajaa. Kondishena ni kinyume chake, inakwenda kwenye urefu na nchani, siyo shinani, na hapo ndo nachana, chanuo la meno mapana, naanzia nchani napanda juu. Maji ya uvuguvugu, yale ya kuungua mwachie chai.

Kuhusu mafuta ya kupaka kabla ya kuosha, huku kwetu alizeti ipo kila kona, ukipita barabara ya Singida au Kibaigwa unauziwa madumu, na wengi tunapaka hayo. Siyo mabaya, yanalainisha kazi ya kuchambua. Ila kuna utafiti ulichapishwa 2003 ulilinganisha nazi, alizeti na mafuta ya madini, ukakuta ni ya nazi ndo yanaingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, alizeti yanabaki juu juu. Kwahiyo nazi paka kabla, usiku wa kuamkia, alizeti ukibaki nayo tumia kumalizia nchani zikiwa bado na unyevu. Au kaangia samaki.

Kusuuza, ndo penyewe

Nywele zangu ni nyingi kiasi, zikivutwa zinafika begani, na kusuuza vizuri zinakula ndoo moja ya lita 20 na nusu ya pili. Hiyo ni kusuuza tu, sijahesabu kulowesha. Sasa jiulize saluni ya ndoo na jagi, siku ya Jumamosi, maji kanunua kwa dumu, wateja kumi, atakumwagia ndoo moja na nusu wewe peke yako? Hawezi, na simlaumu, ni biashara. Anakumwagia majagi matano sita, povu likiisha kuonekana kashamaliza. Lakini povu kuisha siyo sabuni kuisha, hasa kondishena.

Kipimo changu nilijifunza kwa mama mmoja jirani, kasuuzie juu ya beseni jeusi au la bluu iliyoiva, siyo jeupe. Kamua fungu la nywele, angalia maji yanayodondoka. Yakiwa na ukungu kama maji yaliyooshea mchele, bado. Yakidondoka meupe pee unaona chini ya beseni, umemaliza. Kwenye sinki jeupe la saluni huo ukungu huuoni hata uwe na macho ya tai. Nikikosa beseni natumia vidole, nasugua ngozi nyuma ya masikio na kisogoni, hapo ndo panasahaulika na kila mtu, kama panateleza teleza kama kambale bado kuna kitu.

Saluni yenye sinki, hita na tanki kubwa wanaweza kusuuza vizuri kuliko wewe, hilo nakubali, mana bomba linatiririka na wewe umelala, mkono haukuchoki. Ukipata ya hivo na msusi asiye na haraka mshikilie, nenda Jumanne au Jumatano asubuhi, Jumamosi na siku za kukaribia sikukuu waachie wengine.

Kukausha

Hapa Dodoma inatubeba. Hewa kavu hii inayokausha nywele vibaya ndo hiyo inakausha maji haraka, masaa mawili hivi kivulini barazani zimekauka bila draya. Mimi nakamua kwa kanga iliyochakaa, siyo taulo, taulo lina vinyuzi vinakwaruza na kuvuta, kanga ya zamani ni pamba laini inakunywa maji taratibu. Nabonyeza, sisugui. Alafu kabla hazijakauka kabisa napaka krimu ya kuacha kichwani na mafuta kidogo, nafunga mabutu makubwa manne, ikifika jioni zimenyooka kiasi bila moto. Ukisubiri zikauke kabisa ndo upake umechelewa, mafuta hayaleti maji, yanazuia tu yaliyopo yasitoroke.

Saluni wana draya na pasi, na kwa mtu mwenye shughuli jioni hakuna mjadala, nenda. Ila kila wiki moto, kwenye hewa hii, utazikuta kwenye kola ya shati. Kitu ambacho saluni wanacho na mimi sina ni stima, ile mashine ya mvuke. Zamani tulikuwa tunajivika mfuko wa rambo kichwani na tritimenti tunakaa nao jikoni, sasa hiyo mifuko ilipigwa marufuku Juni 2019 na kofia ya plastiki ninayo lakini haifiki kwenye ile mvuke ya mashine. Mara moja kwa mwezi naenda kwa ajili hiyo tu, nywele nimeshaosha nyumbani, wananiwekea tritimenti nakaa chini ya stima dakika ishirini nasoma meseji za magrupu.

Sasa wewe uchague wapi

Kama nywele zako ni za dawa, siku ya kuweka dawa nenda saluni, usijaribu nyumbani na mdogo wako. Dawa ina pH ya 12 na kuendelea, ni kali kweli, na kuosha kwake ni kazi tofauti na kuosha kwa kawaida. Lazima isuuzwe kwa maji mengi kwanza, ndo iwekwe shampuu ya kuizima, na zile zenye alama ya rangi povu likiwa pinki dawa bado ipo kichwani, linapigwa tena mpaka liwe jeupe. Muulize msusi, povu likoje? Una haki ya kuuliza, kichwa ni chako. Siku kadhaa kabla usioshe wala usijikune, mkwaruzo mdogo tu dawa inaingia utalia. Na kabla hujakalia kiti hakikisha tanki lao lina maji, nasema kwa uchungu, bomba likikata katikati ya dawa hiyo siyo stori ya kanisani tena ni ya hospitali. Kurudia dawa subiri angalau miezi miwili, wengine hadi minne. Hizo wiki za katikati osha nyumbani.

Kama ni nachuro, yaani hazina dawa, nyumbani bila kufikiria mara mbili, saluni nyingi za mtaani bado wakiona kipilipili wanaona kazi, atakuchana kavukavu mpaka machozi alafu akwambie dada kwanini usiweke dawa. Mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili inatosha, mafuta ya ngozi kwenye nywele zilizojikunja hayashuki haraka mpaka nchani, kwahiyo ukiosha kila siku unazikausha bure. Wenye nywele za singa singa ndo wanaosha kila baada ya siku moja mbili, usiige ratiba zao mitandaoni.

Ukiwa umesuka, nyumbani pia. Shampuu changanya na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, hata ile ya tomato sosi iliyooshwa vizuri, unapitisha kwenye mistari unabonyeza kwa vidole unasuuza kwa maji mengi. Osha asubuhi siyo jioni, rasta zikilala na unyevu zinanuka kama nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Wanaovaa hijabu au wigi vilevile, usifunike kabla hazijakauka.

Watoto mimi naosha nyumbani wote, ila kuna kitu kimoja niseme mana nakiona sana kwa wanaonyolewa. Mapunye hayatoki kwa kuosha, uoshe kwa mche, kwa shampuu, kwa mwarobaini, hayatoki, ni fangasi walioingia ndani ya unywele na dawa yake ni ya kumeza anayoandika daktari, shampuu ya dawa inasaidia tu asiambukize wenzake. Na mashine ya kinyozi na chanuo la kuazimana ndo vinasambaza, kwahiyo mtoto mwenye mapunye asipelekwe popote kunyolewa kabla hajaanza dawa.

Kuhusu hela, mtaani kwetu mimi naacha elfu tano kuosha na draya, stima na tritimenti elfu kumi, ukiongeza bajaji na nusu siku ya kukaa benchi. Nyumbani chupa ya shampuu na ya kondishena zinanipeleka miezi mitatu, muda ni saa moja na nusu, labda mbili nikiwa nimefumua. Ila mwenye mikono inayouma, au mjamzito wa miezi ya mwisho asiyeweza kuinama, hiyo elfu tano wala usiihesabu, nenda kalale kwenye sinki.

Kitu cha mwisho ni cha bure na kipo Desemba mpaka Aprili. Maji ya mvua hayana yale madini, ni malaini kabisa, shampuu kidogo tu povu linajaa mpaka unashangaa. Mvua za kwanza kwanza naziacha zioshe bati, mana limekula vumbi miezi saba, maji yake ni rangi ya chai ya rangi. Zikishanyesha mbili tatu naweka ndoo na beseni chini ya mchirizi, nachuja kwa kipande cha kitenge, najaza madumu matatu nayafunga vizuri mbu wasije wakapanga humo. Mwaka jana mume wangu alichukua dumu moja akaoshea pikipiki. Tuliongea.